Kombora Lenye Mapezi

Asubuhi ile nilikwenda kwa shemeji yangu kutafuta bomba la chuma. Geti la zizi langu pale Nakwa lilikuwa limeng'oka bawaba, na ng'ombe wangu walikuwa wameshajua kwamba wakilisukuma kwa kifua wanafika kwenye mahindi ya jirani. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ana yadi ya vyuma chakavu Bagara. Mimi ni mstaafu wa jeshi, nina muda, na sipendi kununua kitu kipya kama cha zamani bado kina nguvu.

Yadi yake imezungushiwa mabati yaliyochoka. Upande wa barabarani kuna mama lishe anayepika supu na chapati. Nyuma kuna nyumba za kupanga zenye uwanja mmoja, na watoto hushinda humo. Kwa kawaida unasikia nyundo kabla hujaona mtu. Siku ile hakukuwa na nyundo. Kulikuwa na msumeno wa mkono, unakwaruza taratibu, kama kazi ya mtu asiye na haraka.

Aliyekuwa anakata ni fundi wa shemeji, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mke wake ametoka kujifungua mwezi uliopita. Alikuwa amekaa juu ya kipande cha reli, miguu ameipanua, na kitu kirefu cha chuma kimelala juu ya mapaja yake.

"Shikamoo mzee," alisema bila kuacha kukata.

"Marahaba. Habari za mtoto?"

Niliuliza kabla sijatazama vizuri. Kisha nikatazama, na jibu lake sikulisikia.

Kilikuwa na urefu wa mkono wangu. Kutu ilikuwa imekila, lakini umbo lilikuwa zima. Mbele kilikuwa na pua nyembamba kama shingo ya chupa. Katikati kilinenepa, na hapo palikuwa na mshipi wa shaba, ndio huo fundi alikuwa anaukata, maana shaba ina soko. Nyuma, kwenye mkia, kulikuwa na mapezi, bapa, yamefunguka kuelekea nje kama mapezi ya samaki, na moja limepinda.

Mapezi yale niliyajua kuliko ninavyojua alama za ng'ombe wangu.

Nikiwa askari mwenye umri mdogo kuliko wa fundi yule, nilichaguliwa kwenda nchi moja ya baridi kusomea mizinga ya kupambana na vifaru. Niliondoka nikidhani nitajifunza vitu vya ajabu vya kisasa. Siku ya kwanza walituonyesha mzinga wa kuvutwa na lori: magurudumu mawili, miguu miwili ya nyuma ya kuchimbia ardhini, ngao nyembamba ya bati la chuma, na mtutu mrefu uliokaribia urefu wa lori lenyewe. Mwalimu wetu, mzee mwenye sharubu nyeupe, alituambia tuchungulie ndani ya mtutu kutoka nyuma. Mizinga niliyoizoea ina mifereji iliyojipinda ndani, inayolizungusha kombora ili liende sawa. Huu haukuwa na mfereji hata mmoja. Ndani ulikuwa laini, unang'aa kama sufuria mpya, na mwisho wake niliona duara dogo la theluji.

Mwalimu alieleza kupitia mkalimani. Baada ya vita kuu ya pili vifaru viliota ngozi nene, na mizinga ya zamani ikawa inavikwaruza tu. Watu wake wakatafuta njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mshale: chuma kigumu chembamba, kilichovalishwa viatu ili kijae kwenye mtutu. Kikitoka, viatu vinadondoka, na mshale unaenda kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Ya pili ilikuwa kombora lenye faneli ya shaba ndani ya baruti. Likigonga kifaru, baruti inaikamua ile faneli iwe mchirizi mwembamba unaotoboa chuma kama msumari wa moto unavyotoboa ndala. Lakini ule mchirizi hautaki kuzungushwa. Kombora likizunguka, mchirizi unatawanyika na nguvu inapotea. Kwa hiyo mifereji ikaondolewa mtutuni, na ili kombora lisiende likipinduka hewani, likapewa mapezi.

Alisema jambo jingine, akalirudia mara nyingi hata tukawa tunamcheka pembeni. Mapezi yanakaa yamekunjwa ndani ya mtutu. Yakiwa yamefunguka, kombora limeshapigwa. Na kama limepigwa na halikulipuka, basi kila kizuizi cha usalama ndani yake kimeshaondoka. Puani kuna kitu mfano wa jiwe dogo ambacho kikibanwa kwa ghafla kinatoa cheche ya umeme. Halihitaji kingine zaidi ya hicho.

"Mzee, mbona hivyo?" fundi aliniuliza. Mkono wake ulikuwa bado unakwenda.

"Acha kukata," nilisema.

Sauti yangu ilitoka ndogo. Alicheka kidogo, akidhani nina utani.

"Acha. Usiuchomoe msumeno. Uache ulipo. Toa mkono."

Akatoa mkono. Nadhani aliona uso wangu.

"Hicho ulichokipakata ni bomu. Bado zima. Usisimame, usijikunyate. Pumua tu."

Mapaja yake yakaanza kutetemeka, na kile chuma kikaanza kutetemeka nacho. Pua ya kombora ilikuwa inaangalia mabati ya upande wa barabarani. Nyuma ya mabati yale nilikuwa namsikia mama lishe anamwambia mtu kwamba chapati zimeisha, asubiri.

Nilipiga magoti mbele ya fundi. Nilipitisha viganja vyangu chini ya chuma, kimoja upande wa mkia, kingine chini ya sehemu nene, mpaka nikaupata uzito wake. Uzito wa mtoto anayeanza kutembea. Shaba ilikuwa ya moto kwa msumeno.

"Sasa rudi nyuma kwa makalio. Polepole. Ninalo mimi."

Alijiburuta akatoka chini yake. Akaanguka chali upande wa pili wa reli, akainuka, akakimbia. Nikabaki nimepiga magoti na kombora mikononi, msumeno ukiwa bado umekwama kwenye mshipi wa shaba, mpini wake unaning'inia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimewaza nitaliweka wapi. Mbele yangu kulikuwa na reli, gia za trekta, rimu za magari, chuma tupu. Hapakuwa na pahali laini hata pa kuweka yai.

Shemeji alitoka kwenye kibanda chake, simu sikioni.

"Kuna nini? Mbona jamaa amekimbia?"

"Niletee gunia la pumba. Au mchanga. Chochote laini. Haraka."

"Shemeji, hicho chuma? Hicho kipo hapa tangu wiki iliyopita, tumeshakigonga nyundo kuona kama ni kigumu—"

"Niletee gunia!"

Hakuja. Aliponitazama vizuri alianza kurudi kinyumenyume, na simu bado inaongea mkononi mwake. Simlaumu. Nilianza kuhisi mikono inakufa ganzi kwenye viwiko, na nikawa nasema moyoni maneno ya sala ambayo sikuwa nimeyasema tangu mazishi ya mama yangu.

Aliyeleta gunia ni fundi. Alikuwa amekimbia mpaka barabarani, kisha akarudi. Alikuwa analia bila kutoa sauti, na kifuani amekumbatia gunia la pumba alilolichukua kwa mama lishe, ambaye anafuga nguruwe. Alilitua mbele yangu, akalifungua, akalibonyeza katikati kwa ngumi zake mpaka likafanya kitanda. Nikaliteremsha kombora pale, kidogokidogo, mpaka pumba ikalipokea. Nilipotoa viganja, vilibaki vimejikunja, havitaki kunyooka.

"Asante, mwanangu," nilimwambia. "Sasa ondoka. Mwambie mama lishe aache kila kitu aondoke. Na wale watoto wa nyuma."

Alikwenda. Nikasikia sauti yake inapita nyumba kwa nyumba, "Tokeni! Tokeni, kuna bomu kwa bosi!" na milango inafunguka, na bibi mmoja anauliza kwa lafudhi nzito ya milimani kama bomu ni la maji au la nini.

Barabarani, shemeji alinishika mkono. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Shemeji, tusifanye mambo kuwa makubwa. Nimempigia mtu mwenye pikapu ya kirikuu. Tunalifunga turubai, tunalipeleka ziwani, tunalitosa. Kwisha."

"Ukalitose kwenye maji wanayovulia watu?"

"Polisi wakija watafunga yadi. Wataniuliza lilitoka wapi, na mimi sijui! Vyuma vinakuja kwa lori kutoka huko na huko, nitajuaje?"

"Gari lako litapita matuta mangapi kabla ya kufika ziwani?"

Kirikuu kilikuwa kimeshafika, dereva amekiegesha getini na kufungua ubao wa nyuma, hajui anabeba nini. Shemeji alimtazama dereva, akanitazama mimi. Nikasimama kwenye geti la yadi, nikashika nguzo za pande zote mbili. Mtu wa miaka yangu si wa kumzuia mtu, angeniondoa kwa mkono mmoja. Tulitazamana pale na watu wanatutazama. Nilimwona anapima. Nilimjua tangu akiwa na kaptula, nilimbeba begani siku ya harusi yangu, na kwa dakika ile sikuwa na hakika kama hatanisukuma.

"Dada yako ataniuliza," nilimwambia, "na mimi nataka niwe hai nimjibu."

Akashusha mabega. Akamwambia dereva aende zake.

Polisi walifika na kuweka kamba. Mkuu wa kituo alikuwa mama wa makamo, mtaratibu, aliyenisikiliza bila kunikatiza. Aliwapigia wanaohusika, akaambiwa wataalamu wa mabomu wa jeshi watatoka mbali, watafika kesho yake. Mpaka hapo hakuna wa kusogea. Akaniomba nikae naye mbali na kamba, kwenye benchi la fundi viatu, nimweleze.

"Mzinga wa bomu hilo ukoje, mzee? Bado unatumika?"

Nilimweleza. Nilimwambia mzinga ule hautembei wenyewe, lori linauburuta mpaka pahali, watu sita wanauteremsha, wanachimba, wanauzika mpaka unabaki mtutu na ukingo wa ngao juu ya majani. Halafu mnangoja. Kazi yake yote ni kungoja. Kifaru kinakuja, mnakiona, kinakua kwenye darubini, na mkubwa wenu anasema bado. Mnasubiri kigeuze ubavu. Mkipiga, moto na vumbi la mtutu vinawaonyesha kwa kila mtu, na hamwezi kukimbia maana miguu ya mzinga imezama ardhini. Kwa hiyo risasi ya kwanza ndiyo yenu, ya pili mnaomba Mungu.

"Ulishawahi kukipiga kifaru?"

"Vibovu, uwanjani. Vilivyokufa. Chenye watu, hapana."

Nilimwambia pia yaliyofuata. Vifaru viliendelea kunenepa, yakaja makombora yanayoongozwa ambayo mtu mmoja anayabeba begani, na mizinga ya kuvutwa ikaonekana ya kizamani. Wengine waliipandisha juu ya magari ya minyororo ili itembee. Mingine iliwekwa ghala. Siku hizi, nikiangalia vita vya mbali kwenye simu ya binti yangu, naiona imetolewa tena, kutu imefunikwa rangi, mtutu umeinuliwa juu, inapiga mbali kama mizinga ya kawaida, kazi ambayo haikutengenezewa. Kifaru chenyewe siku hizi kinauawa na kidude kinachoruka kama nyigu.

Sikumwambia lililokuwa linanisumbua pale kwenye benchi. Nilijifunza kulifanya kombora lile litoke. Nilijua jinsi ya kulipakia, kufunga mlango wa nyuma, kuita namba za umbali. Nilifundisha wengine. Miaka yote ile nilikuwa upande wa nyuma wa mtutu, na kilichokuwa mbele kilikuwa mabati ya shabaha na vifaru vibovu. Asubuhi ile kwa mara ya kwanza nilikuwa mbele, na mbele kulikuwa na supu na watoto.

Jua lilikuwa limekaribia utosini aliponijia shemeji. Alikuwa amekaa peke yake kwenye kivuli cha duka la dawa. Alichuchumaa mbele yangu.

"Shemeji. Vilikuwa viwili."

"Nini viwili?"

"Kwenye lile lori. Kulikuwa na kingine, kirefu pia, cha chuma kama hicho. Nilimpa katekista wa kigango, lile kanisa dogo kule Mutuka. Walikuwa wanatafuta kengele."

Mkuu wa kituo aliinuka kwenye benchi.

"Kina mapezi?" nilimuuliza.

"Sikumbuki. Sikukiangalia, shemeji, naapa! Nilikitupa tu kwenye pikipiki yake. Alifurahi sana."

"Wanakigonga?"

"Kila siku. Saa sita, sala ya mchana."

Mkuu wa kituo alitazama saa yake. Alisema, "Twende." Shemeji alimpigia katekista tukiwa tunakimbilia gari. Simu iliita, haikupokelewa. Alipiga tena. Mtu anayejiandaa kusali huacha simu nyumbani.

Barabara ya kwenda Mutuka ni ya vumbi, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimeichimba. Dereva wa polisi aliendesha kama mtu aliyetukanwa. Nilikaa nyuma na shemeji, tumeshikilia vyuma vya juu, vichwa vinagonga turubai. Tulipita watu wanapalilia maharage, wanasimama na majembe kututazama. Kila baada ya muda shemeji alipiga simu, anaibana sikioni kwa nguvu hata kidole kikawa cheupe.

"Na mama mkwe husali pale," alisema. Alimaanisha mama wa mke wake.

Tulipopanda kile kilima cha mwisho niliona paa la kigango. Watu wachache walikuwa wameshasimama nje, wengi wao akina mama wa shamba, khanga kichwani, majembe yameegemezwa ukutani. Pembeni kuna nguzo ya mti, na kwenye nguzo kitu kimening'inia kwa waya. Mwanamume mwenye koti la kijivu alikuwa amesimama chini yake, na mkono wake wenye kipande cha nondo umeinuka.

Mkuu wa kituo alimwambia dereva apige honi. Honi ya gari lile ilikuwa mbovu, ilitoa mlio kama wa mbuzi. Nilitoa kichwa nje, nikapaza sauti yote niliyokuwa nayo. Upepo uliirudisha.

Nondo ikashuka.

Ng'aa.

Mlio ulikuwa mrefu, mwembamba, safi. Ulipita juu yetu ukaenda mpaka mashamba ya upande wa pili, na kabla haujafa, akagonga tena. Ng'aa. Shemeji alikuwa amefunika uso kwa mikono. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye sakafu ya gari bila kujua nimekaaje.

"Ni tupu," nilisema. Nadhani nilisema mara kadhaa. "Ni tupu. Bomu lenye kitu tumboni haliwezi kulia hivyo."

Hata hivyo gari liliposimama tulishuka tukikimbia, na mkuu wa kituo akamshika katekista kiwiko kabla hajagonga mara ya tatu. Nilikwenda mwenyewe chini ya nguzo. Halikuwa kombora. Lilikuwa ganda, kopo refu la chuma linamokaa baruti ya kulirushia kombora, ambalo hubaki nyuma mtutu ukishapiga. Mdomo wake wazi ulikuwa unaangalia chini. Niliingiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. Kulikuwa na utando wa buibui na ubaridi wa chuma.

"Kuna shida gani, wazee wangu?" katekista aliuliza. Nondo ilikuwa bado mkononi mwake.

Shemeji ndiye aliyemjibu. Alianza kueleza, akashindwa katikati, akaishia kumkumbatia yule mtu shingoni, na akina mama wakawa wanatazamana. Mama mkwe wake alikuwa miongoni mwao. Alimsogelea, akamuuliza kwa upole kama kuna msiba.

"Hapana, mama. Shikamoo, mama. Hakuna msiba."

Alimwamkia hivyo mara mbili, kama mtoto.

Wataalamu walifika siku iliyofuata, watu watatu na gari lenye masanduku. Mkubwa wao alikagua kile kitanda cha pumba, akatoka kwenye kamba, akaja mpaka nilipo.

"Wewe ndiye uliyelishika?"

"Ndiyo, afande."

"Ulikuwa mwalimu wa mizinga, ukalishika?"

Nilimweleza habari ya mapaja ya fundi. Alitikisa kichwa.

"Lilikuwa zima," alisema. "Fyuzi yake haijaoza. Ungefundisha wanafunzi wako walishike?"

"Nisingewafundisha, afande."

Walilizungushia mifuko ya mchanga, wakalipeleka taratibu, barabara imefungwa, mpaka kwenye shimo walilochimba kwenye korongo lisilo na watu. Watu wa Bagara walipanda juu ya mawe na matangi ya maji kusikiliza. Mimi niliruhusiwa kukaa na mkuu wa kituo nyuma ya tuta. Ulipotokea, mshindo ulinipiga kifuani kabla ya masikioni. Ardhi iliruka, udongo mwekundu ukapanda juu ukasimama, kisha ukaanza kunyesha.

Baadaye mtaalamu mmoja alinionyesha bamba nene la chuma la trekta ambalo walikuwa wameliweka mbele ya pua, nadhani kwa udadisi wao tu. Katikati lilikuwa na tundu la kuingiza kidole gumba, kingo zake laini, zimepakwa shaba kidogo. Bamba lilikuwa nene kuliko upana wa kiganja changu. Nilifikiria lile bati la upande wa mama lishe, ambalo mvua ya mawe imeshalitoboa.

Yadi ilifungwa kwa muda, ikafunguliwa. Siku hizi shemeji hapokei chuma asichokijua bila kunipigia simu, na mara nyingine ni kifaa cha kupozea maji cha lori, lakini ninakwenda. Fundi aliacha kazi. Mke wake alimwambia achague, akachagua. Anafyatua matofali upande wa Nakwa, si mbali na kwangu, na jioni moja alikuja na mtoto wake mgongoni kunisalimia.

Tulikaa kwenye magogo nje ya zizi. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mzee, ulipolichukua pale, ulijua halitalipuka?"

"Sikujua."

"Kabisa?"

"Kabisa. Na wewe ulipolileta gunia?"

Alifikiri. Mtoto alikuwa ameamka, anavuta kola ya shati lake.

"Mimi nilishafika barabarani," alisema. "Nilikuwa salama. Nikageuka, nikakuona umepiga magoti peke yako." Akavitoa vidole vya mtoto kwenye kola. "Sijui, mzee. Miguu ilirudi."

Mke wangu alituletea uji. Aliuweka chini, akamchukua mtoto bila kuuliza, akamfungua kwenye khanga na kuanza kumzungusha zizini kumwonyesha ng'ombe. Sisi wawili tukanywa uji. Ulikuwa wa moto, na tulikuwa tunaupuliza, hatuna haraka ya kuzungumza.